Viroba vya Machungwa na KKS

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kwamsisi, Handeni. Machungwa ya bibi 357, ya mjomba 561, ya shangazi 595, yote yaende gulioni. Msimu uliopita yalichanganywa, pesa ikaleta maneno. Safari hii kila kiroba kiwe na idadi ileile, ya mtu yasiguse ya mwenzie, lisibaki hata moja, na viroba viwe vichache.

“Hiyo si KKS tu, kaka?” mdogo wangu wa darasa la sita akasema. Kigawo kikubwa cha shirika. Akaanza na namba tasa: 357 ni 3 mara 119. Akajaribu 2, 3, 5, akatangaza 119 ni tasa. Jibu lake: 1. Yaani kila chungwa na kiroba chake! Kumbe 119 ni 7 × 17, na mimi wa chuo sikuiona haraka.

Dawa ni ya Euclid, aliyefundisha Aleksandria, Misri, yapata mwaka 300 KK: acha kutafuta vigawo, fuata baki. Kinachogawa 561 na 357 lazima kigawe pia tofauti yake, 204. Basi 357 kwa 204, baki 153. 204 kwa 153, baki 51. 153 kwa 51, baki 0. KKS ya mbili hizo ni 51.

Ya tatu sasa: 595 kwa 51, baki 34, 51 kwa 34, baki 17, 34 kwa 17, baki 0. Ingekuwepo ya nne, ungeikutanisha na 17 vilevile.

Viroba 21 vya bibi, 33 vya mjomba, 35 vya shangazi. Kila kimoja machungwa 17.