Dhoruba ya theluji ya South Dakota ya Oktoba 2013

Dhoruba ya theluji ya South Dakota ya Oktoba 2013 (inajulikana pia kama Atlas) ilikuwa dhoruba kali ya mvua, upepo na theluji iliyopiga sehemu ya magharibi ya jimbo la South Dakota, Marekani, tarehe 3 hadi 5 Oktoba 2013. Iligusa pia sehemu za Wyoming, Nebraska na North Dakota. Inakumbukwa hasa kwa sababu ya maelfu ya ng'ombe waliokufa kwa baridi kabla majira ya baridi yenyewe hayajaanza.

== Jina ==
Jina "Atlas" lilitolewa na kituo cha televisheni cha The Weather Channel, ambacho tangu mwaka 2012 huzipa majina dhoruba za majira ya baridi. Atlas lilikuwa jina la kwanza katika orodha yake ya 2013-2014. Idara ya taifa ya hali ya hewa ya Marekani haitumii majina hayo.

== Mahali ==
Mto Missouri unaigawa South Dakota katika sehemu mbili. Upande wa mashariki kuna mashamba ya mahindi na soya. Upande wa magharibi ni nyika kavu ya majani, nchi ya wafugaji. Mwaka 2013 idadi ya ng'ombe katika jimbo hilo ilikuwa zaidi ya mara nne ya idadi ya watu.

Katika pembe ya kusini-magharibi inainuka milima ya Black Hills, ambayo kilele chake cha juu, Black Elk Peak, kina mita 2,207 juu ya usawa wa bahari. Miji midogo ya Lead na Deadwood iko ndani ya milima hiyo, na mji mkubwa zaidi wa eneo, Rapid City, uko chini yake upande wa mashariki.

== Chanzo cha dhoruba ==
Mwanzo wa Oktoba ni wakati wa pukutizi, yaani majira ambayo miti ya nchi za kaskazini huanza kupoteza majani. Siku chache kabla ya dhoruba halijoto ilikuwa bado juu ya nyuzi 20 za selsiasi.

Kisha eneo la kanieneo ndogo lilisogea kutoka milima ya magharibi kuelekea tambarare za kati. Upande wake wa mashariki lilivuta hewa ya joto na unyevu kutoka kusini. Upande wake wa nyuma lilivuta hewa baridi kutoka kaskazini. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba tarehe 4 Oktoba, wakati theluji ikianguka South Dakota, mfumo huohuo ulizaa tornado kali karibu na mji wa Wayne, Nebraska.

Milima iliongeza nguvu ya mvua na theluji. Upepo wa kaskazini ulipofika Black Hills ulilazimika kupanda. Hewa inayopanda hupoa, na hewa iliyopoa haiwezi kubeba mvuke wote iliokuwa nao. Mvuke huo hugeuka matone au chembe za barafu na kuanguka. Ndiyo sababu theluji ilikuwa nyingi zaidi milimani kuliko tambarare.

== Mwenendo wa dhoruba ==
Alhamisi tarehe 3 Oktoba ilianza kunyesha mvua baridi. Usiku wa kuamkia Ijumaa mvua hiyo iligeuka theluji nzito yenye maji mengi, ikaendelea mpaka Jumamosi. Upepo ulifikia kasi ya kilomita 110 hivi kwa saa.

Si kila theluji yenye upepo huhesabiwa kuwa tufani ya theluji. Nchini Marekani masharti ni upepo wa angalau kilomita 56 kwa saa pamoja na theluji inayozuia macho kuona mbali zaidi ya mita 400, hali hiyo ikidumu saa tatu au zaidi. Dhoruba hii ilipita masharti hayo.

Kina cha theluji kilichopimwa:
* Lead: takriban sentimita 140
* Deadwood: takriban sentimita 122
* Rapid City: takriban sentimita 58

Rapid City ilipata sentimita 48 siku ya Ijumaa pekee. Hicho kilikuwa kiwango kikubwa kuliko chochote kilichowahi kupimwa huko kwa siku moja ya Oktoba. Rekodi ya awali ilikuwa ya mwaka 1919. Miti iliyokuwa bado na majani ilielemewa na theluji ikakatika matawi, nyaya za umeme zikaanguka, na maelfu ya nyumba zikakosa umeme. Barabara kuu ya magharibi mwa jimbo ilifungwa.

== Kwa nini ng'ombe walikufa ==
Ng'ombe wa South Dakota huishi nje mwaka mzima na huvumilia baridi kali kuliko hiyo. Kilichowaua si baridi peke yake bali mambo kadhaa yaliyokutana.

La kwanza ni manyoya. Ng'ombe huota manyoya mazito polepole kadiri siku zinavyofupika. Ng'ombe mwenye manyoya hayo, yakiwa makavu, huanza kusumbuliwa na baridi ikifika karibu nyuzi 8 chini ya sifuri. Mwenye manyoya ya kiangazi, au aliyelowa, huanza kutumia nguvu ya ziada kujipasha joto tayari kwenye nyuzi 15 juu ya sifuri. Mwanzoni mwa Oktoba manyoya mazito hayajaota.

La pili ni utaratibu wa mvua na theluji. Manyoya huhifadhi joto kwa sababu hunasa hewa katikati yake. Mvua ya kwanza ilijaza maji mahali pa hewa hiyo, kisha upepo ukaondoa joto la mwili haraka. Kama theluji ingeanguka juu ya manyoya makavu, wengi wangepona.

La tatu ni malisho. Mifugo ilikuwa bado kwenye malisho ya kiangazi, ambayo ni wazi na hayana kinga. Malisho ya baridi, yenye mabonde na miti, hutunzwa kwa miezi ya baadaye. Idara ya hali ya hewa ilitoa tahadhari, lakini theluji ilizidi matarajio, na kuhamisha mamia ya ng'ombe kwa umbali wa kilomita nyingi si kazi ya siku moja.

Ng'ombe waliopigwa na upepo waliupa mgongo, wakatembea unakoelekea. Wengine walisafiri kilomita nyingi, wakivuka nyua kwa kukanyaga theluji iliyozifunika. Wengine walitumbukia katika makorongo na malambo wakazama, au walirundikana kwenye pembe za nyua. Wengi walikufa kwa kupoteza joto na kwa uchovu.

== Hasara ==
Makadirio ya siku za kwanza yalitofautiana sana, mengine yakifika ng'ombe 100,000. Taarifa zilizopelekwa kwa mamlaka ya mifugo ya jimbo zilihesabu karibu ng'ombe 14,000, pamoja na kondoo zaidi ya 1,000 na farasi zaidi ya 200, lakini si wafugaji wote waliotoa taarifa. Wapo waliopoteza nusu ya kundi au zaidi.

Oktoba ni karibu na wakati wa kuuza ndama, mapato makuu ya mwaka kwa familia hizo. Ndama akifa, mapato ya mwaka huo yamekwenda. Mama yake akifa, amekufa pia ndama wa mwaka unaofuata aliyekuwa tumboni, na ukoo uliochaguliwa kwa vizazi vingi umekatika. Fedha peke yake haziwezi kuununua tena.

Baada ya theluji kuyeyuka wafugaji walitafuta mifugo yao maili kwa maili, wakiitambua kwa chapa za moto na hereni za masikioni. Mizoga ilizikwa katika mashimo makubwa ili kuzuia magonjwa na kulinda maji.

== Msaada ==
Dhoruba ilikuta ofisi nyingi za serikali ya shirikisho zimefungwa, kwa kuwa Bunge la Marekani lilishindwa kupitisha bajeti. Kufungwa huko kulidumu tarehe 1 hadi 16 Oktoba, na wafugaji waliotaka kuripoti hasara kwa wizara ya kilimo walikuta milango imefungwa. Zaidi ya hayo, mpango wa fidia ya mifugo iliyokufa kwa maafa ulikuwa umekwisha muda wake tangu 2011.

Msaada wa kwanza ulitoka kwa watu wenyewe. Mfuko wa Rancher Relief Fund ulikusanya michango, na wafugaji wa majimbo mengine walitoa mitamba kupitia mpango wa Heifers for South Dakota ili waliopoteza waanze tena.

Sheria mpya ya kilimo, iliyotiwa saini na Rais Barack Obama tarehe 7 Februari 2014, ilirudisha fidia hiyo na kuifanya ya kudumu. Ilihesabiwa kuanzia Oktoba 2011, hivyo waathirika wa dhoruba hii waliingizwa. Malipo ni asilimia 75 ya bei ya soko ya mnyama, na mfugaji hutakiwa kuthibitisha hasara yake. Kwa hiyo picha za mizoga na daftari la hesabu ya mifugo, vitu ambavyo wengi hawakuvifikiria katika siku zile za majonzi, vilikuwa na thamani kubwa miezi iliyofuata.