Habari za Uingereza, na Hasa Vijia Vyake

Nilipoagana na jamaa zangu wa Tanga kwenda Uingereza, mzee mmoja wa mtaa wetu, ambaye sote kwa heshima humwita Maalim, alinikabidhi daftari jipya na kuniusia niandike humo habari za nchi ile kwa taratibu, yaani ukubwa wake, idadi ya watu wake, milima, mito, mazao na bandari, ili nirejeapo nimsomee barazani. Nimejitahidi kuutimiza wasia huo, na kurasa mbili za mwanzo za daftari ni ushahidi wangu.

Uingereza yenyewe, bila ya Scotland na Wales, ina eneo la takriban kilomita za mraba 130,000, hata Tanzania ingeweza kuimeza mara saba. Walakini hesabu ya mwaka 2021 ilionyesha kuwa imebeba watu zaidi ya milioni 56. Mlima wake mrefu kuliko yote, Scafell Pike, una mita 978, kimo ambacho mtu wa Lushoto hatakistaajabia, kwani yeye hulala juu zaidi ya hapo. Mto Thames una urefu wa kilomita 346. Mazao makuu ni ngano, shayiri na viazi. Kondoo ni wengi. Mvua hunyesha bila ya kuaga wala kubisha hodi. Hapo hesabu za daftari zikakoma, kwa kuwa siku ya nne nilipanda baiskeli.

Mtu wa Tanga hahitaji kuhubiriwa juu ya baiskeli. Mji wetu umepata sifa kwayo, na wazee wetu walipotamka Raleigh hawakuwa wakifikiri habari za kiwanda cha Nottingham, bali walifikiri mali na heshima ya mtu aliyeimiliki. Asili ya baiskeli yetu hii ya magurudumu mawili yaliyo sawa ni huko huko, kwani John Kemp Starley aliitoa ile Rover yake katika mji wa Coventry mwaka 1885. Lakini chombo nilichoazimwa na mwenyeji wangu kilikuwa cha jinsi nyingine, nao hukiita baiskeli ya changarawe: usukani umepinda kama pembe za kondoo dume, mithili ya baiskeli za mashindano, ila matairi ni mapana, ya milimita 40 au zaidi, breki ni za sahani, na giya zake ni nyepesi kiasi cha kumwezesha mtu aliyetoka kula kupanda kilima bila ya kushuka na kusukuma. Kimeundwa kiende juu ya lami pasi na kuchelewa na kiingie kwenye mawe pasi na kuogopa.

Tulianzia Overton Hill, karibu na kijiji cha Avebury, ambacho sehemu yake imo ndani ya duara la mawe makubwa yaliyosimamishwa na watu wa kale waliokuwa hawajakijua chuma, tukaishika njia iitwayo Ridgeway, ambayo husemwa kuwa ndiyo kongwe kuliko njia zote za nchi ile. Huenda juu ya mgongo wa vilima vya chaki hadi Ivinghoe Beacon, mwendo wa kilomita 139, nayo ilifunguliwa rasmi mwaka 1973. Mwenye baiskeli, hata hivyo, ana ruhusa kamili katika nusu ya magharibi tu, mpaka Streatley penye Mto Thames, na hiyo ndiyo tuliyoipita kwa siku mbili. Njia ni nyeupe, pana, imechimbika makorongo ya magurudumu, na ndani ya ile chaki mmejaa gumegume, jiwe lile lile lililokuwa likiwasha baruti katika bunduki za mababu zetu, ambalo likivunjika hukata kama wembe. Tairi langu la nyuma lilipasuka mara mbili kabla ya adhuhuri. Mwenyeji wangu alitaka kubadili tyubu nzima na kuitupa ile ya kwanza. Nikamzuia, nikatia kiraka kama tufanyavyo mtaani, naye akanitazama kwa taadhima ambayo sijaipata tena tangu siku hiyo.

Tuliyapita makaburi ya mawe yaitwayo Wayland's Smithy, yenye umri wa zaidi ya miaka 5,000, ambapo wenyeji husimulia kwamba msafiri akimwacha farasi wake pamoja na sarafu usiku, asubuhi atamkuta amekwisha kutiwa nali na mhunzi asiyeonekana. Mbele kidogo, chini ya ngome ya Uffington, tulimwona farasi mweupe wa urefu wa mita 110 hivi, aliyechorwa ubavuni mwa kilima kwa chaki tangu miaka 3,000 iliyopita, na ambaye angalifunikwa na nyasi zamani lau watu wa kila kizazi wasingalirudi kumpalilia na kumshindilia chaki mpya. Wakati wa vita vya pili vya dunia alifunikwa makusudi, ili marubani wa adui wasimfanye alama.

Haya yote nimeyaandika kwa wajibu, maana akili yangu ilikuwa imekwisha kutekwa tangu lango la kwanza, na kilichoiteka ni mshale mdogo, usiozidi kiganja cha mtoto, uliopigiliwa kwenye nguzo ya lango hilo. Ukiwa wa njano, njia ni ya waendao kwa miguu. Ukiwa wa buluu, wapanda farasi na wenye baiskeli nao wanayo haki. Wa zambarau huongeza magari yakokotwayo na farasi. Na mwekundu huruhusu kila chombo, hata motokaa. Ardhi ya kushoto ni ya mtu, na ya kulia ni ya mtu, ngano ni yake na lango ni lake, lakini ule ukanda mwembamba upitao katikati ni haki ya mpita njia yeyote, awe raia au mgeni aliyetoka Tanga juzi. Kwa jumla njia hizi, pamoja na za Wales, hufika takriban kilomita 225,000, ingawa zilizo halali kwa baiskeli ni kama moja ya tano tu, na jambo hilo huwaudhi sana wapanda baiskeli wao.

Sheria ya mwaka 1949 iliziamuru halmashauri zichore ramani ya njia zote za umma, na njia iliyokwisha kuandikwa humo ni hoja tosha mbele ya hakimu. Sheria ya mwaka 1968 ikawapa wenye baiskeli haki ya kupita njia za farasi, kwa sharti la kuwapisha wenye farasi na waendao kwa miguu. Tena watu wakiipita njia waziwazi kwa miaka 20 mfululizo bila ya kuomba ruhusa wala kuzuiwa, huchukuliwa kuwa mwenye ardhi ameitoa kwa umma, isipokuwa awe amedhihirisha kwamba hakukusudia hivyo. Mkulima akiwa na njia ikatayo katikati ya shamba anaweza kuilima, lakini imempasa kuirudisha ndani ya siku 14, ikanyagike na ionekane. Hata fahali wametajwa! Fahali mzima wa jamii ya ng'ombe wa maziwa haruhusiwi kabisa kuachwa katika shamba linalopitiwa na njia ya umma. Wa jamii nyingine huruhusiwa, ila awe pamoja na majike, ambao wabunge waliona kuwa humtuliza. Sina hakika kama fahali niliyepishana naye karibu na Barbury alikuwa ameisoma sheria hiyo, lakini alikaa kimya.

Hapana budi niseme kwa insafu kwamba haki hii haikuteremka kama mvua. Bunge lao, katika karne ya 18 na ya 19, lilizungushia ua ardhi nyingi iliyokuwa ya pamoja; na mwaka 1932 watu walipouingia mlima wa Kinder Scout kwa makundi kudai ruhusa ya kutembea, baadhi yao walitiwa gerezani.

Nilipokuwa nikipumzika chini ya mti nilitafuta neno letu la kuieleza njia ya namna ile, nikaona kwamba lililo karibu kuliko yote ni wakfu: kitu kisichouzwa, kisichorithiwa, ambacho manufaa yake ni ya wajao. Na hapo ndipo furaha yangu ilipoingia doa. Sisi tuliofunzwa chuoni kwamba kuondoa udhia njiani ni ibada, tumeufanyia nini ule ujia wa mtaani kwetu uliotoka kisimani hadi pwani, ambao bibi zetu waliupita na mitungi kichwani? Umezibwa kwa ukuta wenye vigae vya chupa juu yake, na aliyeuziba anayo hati ya kiwanja, ilhali ujia haukuwa na hati. Wala tusimlaumu tajiri peke yake. Wengi wetu husogeza ua shubiri moja kila mwaka, tukashangaa siku ya mazishi kwamba jeneza halipiti. Tuna ramani za viwanja na za mabomba. Ya vichochoro aliyeiona na aniambie.

Wapanda baiskeli wa Uingereza wameziunga njia hizi kongwe zikawa safari ndefu. Mwaka 2020 chama cha Cycling UK, kilichoasisiwa mwaka 1878, kilitangaza mzunguko wa kilomita 350 uitwao King Alfred's Way, unaoanzia na kuishia Winchester, na kupita Stonehenge, Avebury na vilima vya South Downs. Na ili wasia wa Maalim utimie: bandari na viwanda vya nchi ile ni vingi na ni mashuhuri.

Nilimsomea Maalim kurasa hizi barazani baada ya Alasiri. Katika milima na mito alisinzia. Nilipofika kwa fahali alifumbua macho.

"Na mwenye shamba, mwanangu, hakuwatoa kwa mbwa?"

"Mbwa alikuwapo, Maalim. Mwenyewe alikuja akatufungulia lango, akatuomba jambo moja tu, tulifunge tukishapita, kwa ajili ya kondoo."

"Mkalifunga?"

"Tulilifunga."

Akanyamaza kitambo, kisha akaomba ramani niliyorudi nayo, akaikunjua juu ya mkeka, akavaa miwani yake, akaanza kuvifuata kwa kidole vile vistari vya kijani vilivyokatikakatika, kimoja baada ya kimoja.

"Na hiki," akauliza, "kinatokea wapi?"