MAFUNZO YA AWALI YA KUANDIKA PROGRAMU ZA KOMPYUTA WAKATI WA LIKIZO: MAELEZO KWA WATUMISHI WA UMMA NA WAKAZI WA MKOA WA SIMIYU

Maelezo haya yanawahusu wazazi, walimu, watumishi wa umma na wakazi wa Bariadi na wilaya nyingine za Mkoa wa Simiyu. Yanaeleza mafunzo ya awali ya kuandika programu za kompyuta ni nini, mwanafunzi hujifunza nini, na mambo gani yapimwe kabla ya kumwandikisha mtoto au kuyaanzisha shuleni.

1. MAANA YA MAFUNZO
Katika nchi za Ulaya na Marekani, shule hufungwa kwa muda mrefu wakati wa kiangazi chao, na vyuo vingi hutumia nafasi hiyo kuwafundisha wanafunzi ambao hawajapata kuandika programu hata moja. Nchini Tanzania likizo ndefu huangukia Juni na Desemba na ni fupi kuliko hizo. Kwa hiyo mafunzo ya aina hii hufaa kupangwa kwa wiki mbili hadi nne, yakiwa na shabaha chache zilizo wazi.

Ifahamike kwamba kutumia kompyuta na kuandika programu ni mambo mawili tofauti. Mtumishi anayeingiza taarifa za mlipaji na kupata namba ya malipo ya Serikali anatumia programu. Aliyeiandika ndiye aliyeamua mapema ni taarifa gani zitakiwe, hesabu ifanywe vipi, na kosa likitokea mtumiaji aambiwe nini. Mafunzo haya yanahusu kazi hiyo ya pili.

Historia ya nchi inaonyesha uzito wa tofauti hiyo. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya matatizo katika kuendesha hesabu za Serikali kwa mashine hizo, uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku, na masharti hayo yalichukua miaka mingi kulegezwa. Funzo lililobaki ni kwamba mashine hainufaishi pasipo watu wa kutosha wanaojua kuiagiza na kuikagua.

2. YANAYOFUNDISHWA
Msingi wa mafunzo unaweza kuelezwa kwa kazi inayojulikana na kila kaya ya mkulima: malipo ya pamba katika chama cha msingi cha ushirika. Tuseme, kwa mfano tu, kilo moja ya pamba safi ni shilingi 1,000 na ya pamba fifi ni shilingi 600. Mkulima akileta kilo 240 za pamba safi na kilo 35 za fifi, anastahili shilingi 240,000 na shilingi 21,000, jumla shilingi 261,000. Mwanafunzi anayeandika programu ya kazi hiyo hukutana na mambo manne:

(i) Kutunza taarifa. Jina la mkulima, uzito na bei huwekwa kila kimoja mahali pake penye jina, ili kiitwe kinapohitajika.

(ii) Kuchagua. Ikiwa pamba ni safi, itumike bei ya kwanza. Ikiwa ni fifi, itumike bei ya pili.

(iii) Kurudia. Hatua zile zile zifanywe kwa kila mkulima mpaka foleni iishe, bila kuandikwa upya.

(iv) Kutafuta kosa. Karani akiandika 2,400 badala ya 240, mashine haitashtuka. Itatoa shilingi 2,400,000. Akiandika 24, itatoa shilingi 24,000, na mkulima ataondoka na sehemu ndogo ya haki yake. Kompyuta hutii ilichoambiwa, haijui kilichokusudiwa.

Jambo la nne ndilo kubwa kuliko yote. Mwanafunzi hufundishwa kujiuliza programu yake itafanya nini mtu akikosea, kisha aiandike ili uzito usio wa kawaida ukataliwe au uthibitishwe kwanza. Kijana aliyefika hapo anaweza pia kuikagua stakabadhi ya mzazi wake. Katika kaya nyingi stakabadhi hiyo ndiyo ada, sare na chakula cha mwaka.

3. VIFAA NA LUGHA
Upungufu wa kompyuta usiwe sababu ya kutoanza. Siku za mwanzo zinaweza kutumika kwa karatasi na ubao: mwanafunzi mmoja anaandika maagizo, mwingine anayatekeleza neno kwa neno, na makosa yanaonekana papo hapo. Baada ya hapo wanafunzi wawili au watatu wanaweza kushirikiana kompyuta moja, mradi wabadilishane zamu ya kuandika.

Programu za kujifunzia hazilipiwi. Scratch, iliyotolewa mwaka 2007, huunganisha maagizo kama vipande vya matofali na inafaa kwa wadogo. Python, lugha iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, inafaa kwa wanafunzi wa sekondari. Zote mbili zikishawekwa katika kompyuta hufanya kazi bila intaneti.

Maagizo ya Python hutumia maneno machache ya Kiingereza, lakini maelezo ya mwalimu na majadiliano ya wanafunzi yanaweza kuwa kwa Kiswahili. Asiyeelewa kwa nini agizo limewekwa hapo hatasaidiwa na kulikariri.

4. LIKIZO NA KAZI ZA SHAMBA
Likizo ya Juni hukutana na mavuno ya pamba, na ya Desemba hukutana na kupanda na kupalilia. Mzazi anayesita kumtoa mtoto shambani ana hoja ya kweli, na ratiba isiyoijali hoja hiyo itabaki na viti vitupu. Vipindi vya saa tatu, baada ya kazi za asubuhi, vinaweza kupatana na hali hiyo. Aidha, wasichana hubebeshwa kazi za nyumbani zaidi. Vipindi vyao viishe mapema ili wafike nyumbani kabla ya giza.

Mkoa huu, ulioanzishwa mwaka 2012, una uzoefu wa kujengea. Ndugu Anthony Mtaka alipokuwa Mkuu wa Mkoa, kati ya 2016 na 2021, ziliendeshwa kambi za kitaaluma zilizowakusanya wanafunzi wa madarasa ya mitihani kwa masomo ya ziada. Walimu na wazazi wanajua tayari jinsi ya kukubaliana juu ya chakula, malazi na usalama.

5. MAMBO YA KUZINGATIA
Wazazi wanashauriwa kuuliza mambo matatu kabla ya kulipa ada yoyote: mwalimu mwenyewe ameandika programu gani, wanafunzi wangapi watatumia kompyuta moja, na mtoto atamaliza akiwa ameandika nini kwa mkono wake. Cheti peke yake si jibu la swali la tatu.

Ifahamike pia kwamba wiki chache hazimfanyi mtu kuwa mtaalamu, wala hazichukui nafasi ya Hisabati. Zinampa mwanafunzi wa Maswa, Meatu, Itilima, Busega au Bariadi mwanzo, ili siku atakapoingia chuoni asiwe anaigusa kompyuta kwa mara ya kwanza mbele ya wenzake walioizoea tangu utotoni.