Nani atamwambia mke wa mfanyakazi?

Mwezi wa tatu 2020 Rais Tshisekedi alitangaza hali ya dharura kwa sababu ya korona. Makampuni kadhaa ya shaba na kobalti hapa Lualaba na kule Haut-Katanga yaliwafungia wafanyakazi ndani ya migodi ili kazi isisimame. Walikula huko, walilala huko. Ugonjwa unaambukizwa, na sababu ilieleweka. Lakini wengi hawakuambiwa watatoka lini, na mwezi wa sita mashirika ya haki za binadamu, ya Kongo na ya nje, yaliyaandikia makampuni kulalamika.

Mama mmoja wa kanisa letu alinipigia simu usiku: «Mchungaji, walisema siku 14. Sasa ni mwezi wa pili, na tangu juzi simu yake haiiti. Amekufa, munanificha?» Baba alikuwa hai, simu ilikuwa imeharibika. Tangazo lilikuwepo, kwa Kifaransa, limebandikwa getini. Mama yule hasomi Kifaransa.

Shirika likihesabu wanaohusika na kazi yake, huanza na wenye hisa, wanunuzi, serikali na sendika. Hao hupata barua. Mke wa mfanyakazi, mama anayeuza bukari getini na mchimbaji wa mikono wa Kasulo hawapati kitu, na hao ndio watakaopeleka habari mtaani. Wasipopewa habari ya kweli, watapeleka ile waliyo nayo.

Ndugu zetu wa Beni wanalijua hilo. Ebola ya 2018 hadi 2020 iliua watu zaidi ya 2,200 katika Kivu Kaskazini na Ituri. Mwezi wa 12, 2018, uchaguzi uliahirishwa Beni na Butembo, na Ebola ikatajwa kuwa sababu mojawapo. Watu wakauliza: mbona soko limefunguliwa, kanisa limefunguliwa, kura tu ndiyo inaambukiza? Hasira ikaangukia kituo cha wagonjwa, kikashambuliwa. Katika mji uleule, shirika la ALIMA lilitumia vyumba vyenye kuta za plastiki angavu, ili jamaa wamwone mgonjwa wao na kusema naye. Mimi nahesabu ukuta ule kuwa tangazo bora kuliko karatasi nyingi.

Someni Walawi 13. Kuhani akiwa na mashaka juu ya kidonda, hajifanyi kujua. Anamtenga mtu siku saba, na siku ya saba anarudi kumtazama mwenyewe. Mtu aliyetengwa anajua siku ya kuhesabu, na anajua nani atakuja.

Wachungaji wenzangu, sisi pia mwaka ule tulisambaza maagizo kwa simu bila kuuliza watu wanaogopa nini. Kipindupindu kikija, au ugonjwa mwingine, tusingojee geti lifungwe. Twendeni mapema kwa kampuni na kwa ofisi ya eneo la afya na maswali mawili: habari inayofuata itatoka siku gani, na itasomwa kwa Kiswahili na nani?