Beit al-Ajaib: Picha za kale zilivyotunza kumbukumbu za jumba

Mzazi anayempeleka mtoto kliniki anajua kuwa uzito wa mwezi mmoja hausemi mengi. Nukta za miezi kadhaa zikiunganishwa kwenye kadi, ndipo muuguzi anapoona kama mtoto anakua vizuri au anadhoofika. Majengo nayo yana kadi yao: picha zilizopigwa mahali palepale, katika miaka tofauti.

Mfano mzuri ni Beit al-Ajaib, jumba la Forodhani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambalo wengi walilifahamu kama makumbusho. Sultan Barghash bin Said alilijenga mwaka 1883 kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, huku nguzo za chuma zikibeba roshani zinazolizunguka. Mwishoni mwa karne hiyo, mjini hapo kulikuwa na studio za picha, ikiwamo ya A. C. Gomes, mpigapicha mwenye asili ya Goa. Pwani ya Forodhani, yenye makasri na majahazi, ilipigwa picha mara nyingi.

Mnara uliohama

Weka picha ya kabla ya mwaka 1896 kando ya ile iliyopigwa miaka michache baadaye. Katika ya kwanza, jumba halina mnara. Mnara mrefu wa taa umesimama peke yake mbele yake, upande wa baharini. Katika ya pili, mnara ule haupo, na mnara wa saa umechomoza mbele ya jumba lenyewe.

Kati ya picha hizo mbili kuna vita. Agosti 25, 1896, Sultan Hamad bin Thuwaini alifariki dunia na Khalid bin Barghash akajitwalia kasri bila ridhaa ya Waingereza. Siku mbili baadaye manowari za Uingereza zilipiga makombora kwa muda usiofika saa moja. Takriban watu 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Kasri jirani la Beit al-Hukm liliharibiwa vibaya na mnara wa taa ukaumia, lakini Beit al-Ajaib likanusurika. Mnara wa saa uliongezwa wakati wa matengenezo yaliyofuata.

Hata bahari inasaidia kukisia tarehe. Meli ya Sultan, Glasgow, ilizamishwa siku hiyo na milingoti yake ikabaki imechomoza majini hadi mabaki yalipoondolewa mwaka 1912. Picha ya bandari yenye milingoti hiyo basi ni ya kipindi hicho.

Zinachosema na zinachoficha

Desemba 25, 2020, ukarabati ukiendelea, sehemu kubwa ya mbele ya jumba iliporomoka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walipoteza maisha. Tangu hapo picha za kale zimepata thamani nyingine. Anayetaka kujua nguzo zilikuwa ngapi, roshani zilikaaje au paa lilikuwaje, anaweza kuanzia hapo.

Lakini picha hizo hazisemi kila kitu. Majina ya masultani yamehifadhiwa. Ya wapagazi, wachuuzi na watoto wanaoonekana barabarani, mengi hayajulikani. Hakuna aliyeyaandika.

Wazazi wafanye nini?

Hali ni hiyo hiyo kwenye albamu nyingi za nyumbani. Anza na hatua hizi:

• Kaa na bibi au babu pamoja na watoto, mpitie picha za zamani. Uliza ni nani, wapi na lini.

• Andika majibu nyuma ya picha kwa penseli laini. Wino wa kalamu unaweza kupenya upande wa pili.

• Zihifadhi pakavu, mbali na jua. Zipige kwa simu na uwatumie ndugu nakala, ili zisipotee zote kwa pamoja.

• Ukiona ufa ukutani, weka rula kando yake, upige picha na uandike tarehe. Rudia kila mwezi, mahali palepale. Ukipanuka, mwite fundi mwenye ujuzi na uwaondoe watoto karibu na ukuta huo.

Usisubiri siku ya msiba ndipo albamu ifunguliwe. Kila mzee anapoondoka, kuna sura ambazo hakuna tena wa kuzitaja majina.