Adhabu ya Viboko Shuleni: Mipaka Iliyowekwa na Kanuni
Kanuni za Adhabu ya Viboko za mwaka 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, zinaruhusu mwanafunzi kuchapwa kwa makosa makubwa tu, kwa fimbo nyepesi, mkononi au makalioni, viboko visivyozidi vinne. Mwenye mamlaka ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyepewa naye idhini kwa maandishi. Mwanafunzi wa kike huadhibiwa na mwalimu wa kike, isipokuwa shule isiyo naye. Kosa, idadi ya viboko na jina la mwalimu huandikwa kitabuni. Kwa mzazi wa Goweko, wilayani Uyui, mkoani Tabora, kumbukumbu hiyo ndiyo ya kuulizia kwanza mtoto anaporudi na majeraha. Adhabu isiyoandikwa imekiuka kanuni.