Mnazi wa Nani, Ardhi ya Nani?

Mtu atokaye Likoni kupita Diani hata Msambweni ataona viunga vya minazi, miembe na mikorosho vikizunguka nyumba za Wadigo. Kiunga cha jamaa hakipandwi na mtu mmoja: babu hupanda minazi, mwana huongeza miembe ya ngowe na boribo, na wajukuu huchuma.

Yafaa ijulikane ya kuwa kwa desturi ya Wadigo mti ni mali mbali, na ardhi ni mali mbali. Mtu aliweza kupanda minazi katika ardhi ya mwenziwe kwa ruhusa, na minazi ikawa yake; aliweza hata kuiweka rehani bila ya ardhi kuguswa.

Hapo zamani mali ya mwanamume ilirithiwa na mpwawe, mtoto wa dada yake, kwa kuwa ukoo ulihesabiwa upande wa mama. Uislamu ulipoenea, hasa tangu mwisho wa karne ya 19, watoto wake mwenyewe walidai haki yao kwa sheria ya dini. Hivyo mnazi mmoja uliweza kudaiwa na mpwa na mwana pia.

Mnazi mrefu wa pwani huanza kuzaa baada ya miaka 6 hivi, kisha huweza kuzaa miaka 60 na zaidi. Maana yake, mti huishi kuliko mpanzi na mashahidi wake. Basi mzee mwenye busara asingoje kuugua. Na awaite jamaa na majirani, miti ihesabiwe mbele yao, na maneno yaandikwe. Karatasi moja yenye sahihi za mashahidi yaweza kuwaepusha ndugu na ugomvi wa miaka mingi.